Nyimbo za kanisa nazo zinastahili cheti cha uasili

Kila anayevusha mzigo mpakani anaifahamu karatasi ile. Ukiwa na mahindi, maharage au dagaa wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unajaza cheti rahisi cha uasili: bidhaa imetoka wapi, imezalishwa na nani, inapelekwa wapi. Ofisa anakagua, anagonga muhuri, nawe unapita bila kutozwa ushuru wa forodha. Ukikosa cheti, mahindi yako ya Kagera yanaweza kuhesabiwa sawa na mahindi yaliyoshushwa melini kutoka bara jingine. Mzigo ni ule ule na shamba ni lile lile. Kilichokosekana ni ushahidi.

Leo gazeti hili linazungumzia mzigo mwingine, ambao watu wetu wameuvusha kwa miaka mingi bila karatasi yoyote. Ni nyimbo za kanisa. Zimepita Mutukula, Rusumo, Namanga na Busia ndani ya mabasi, juu ya malori na vichwani mwa watu. Zimevuka Ziwa Tanganyika kwa boti. Hakuna aliyeziuliza zinatoka wapi, na kwa sababu hiyo wengi wanaoziimba leo hawajui nani alizitunga, kwa lugha gani, na ngoma yake ilipigwaje. Wanaojua ni wazee, na kila mwaka tunawazika.

Msimamo wetu ni huu: jumuiya za mipakani zianze sasa kuzikusanya nyimbo hizo, kuzirekodi na kuzifundisha upya, kabla hatujabaki na sauti isiyo na mwenyewe. Na katika kazi hiyo wafanyabiashara wa mpakani wana nafasi ambayo waziri na profesa hawana.

Wimbo mmoja, mataifa mawili

Tuanze na ushahidi ulio wazi kwa kila mtu wa Tunduma na Nakonde. Upande wa Tanzania watoto wa shule wanaimba wimbo wa taifa. Hatua chache upande wa pili, watoto wa Zambia wanaimba wa kwao. Maneno ni tofauti, sauti ni ile ile. Tanganyika iliuchukua wimbo huo ilipopata uhuru mwaka 1961, Zambia mwaka 1964, na Afrika Kusini inauimba hadi leo kama sehemu ya wimbo wake wa taifa.

Asili yake ni kanisani. Uliandikwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Alikuwa na daftari alimoandika nyimbo zake. Kumbukumbu za Afrika Kusini zinasema daftari hilo liliazimwa na walimu wengine wa kwaya, likapita mkono hadi mkono, likabaki ndani ya familia, na mwisho halikuonekana tena. Hata kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi. Ilibidi watu wapekue vitabu vya makaburi ya Braamfontein hadi wakalipata, na mwaka 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Tufikiri kidogo. Huyu ndiye mtunzi wa wimbo uliosimamisha mataifa wima kwa heshima, na daftari lake limepotea. Ikiwa la Sontonga limepotea, la mwalimu wa kwaya ya parokia yako liko wapi?

Uliovuka kwa Kiganda

Tuje karibu zaidi. Nenda mkutano wa Wakristo wa uamsho Kenya, Tanzania, Rwanda au Burundi, na utasikia watu wasiojua Kiganda wakiimba kwa Kiganda. Wimbo huo ni Tukutendereza Yesu. Ndugu wa uamsho hukaribishana nao, hufungia nao ibada, humpokea nao mtu aliyetubu. Kwa wengi ni kama hati ya kusafiria: ukiuimba mahali usipojulikana, utapewa kiti na chai.

Historia yake ni historia ya mipaka yetu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na watu wa Gahini na Uganda, uamsho ulienea katika miaka ya 1930 hadi Burundi, Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanganyika. Kenya mkutano mkubwa wa kwanza ulifanyika Kabete mwaka 1937. Waliousambaza hawakuwa maaskofu peke yao. Walikuwa wauguzi, walimu, wakulima na wachuuzi waliosafiri kwa miguu na kwa malori.

Na asili ya wimbo wenyewe? Muziki wake unatokana na wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19. Maneno yaliyokaa midomoni mwa watu ni ya Kiganda. Ladha yake, mwendo wake, makofi yake na namna sauti za chini zinavyojibu, ni za kwetu. Hapa mfanyabiashara atatuelewa haraka kuliko mwanateolojia. Kanuni za uasili za Jumuiya zinakubali kwamba bidhaa yenye malighafi ya kigeni inaweza kuhesabiwa ya Afrika Mashariki ikiwa imebadilishwa vya kutosha ndani ya Afrika Mashariki. Kwa kipimo hicho, Tukutendereza ni bidhaa yetu halali. Lakini aliyeubadilisha ni nani? Mkutano wa kijiji gani uliongeza makofi? Kwa nini wa Kagera wanaimba polepole na wengine kwa haraka? Hayo hayamo katika kitabu cha nyimbo. Yamo vifuani mwa watu.

Kizazi kilicholeta ngoma kanisani

Wapo wanaodhani kwamba nyimbo za zamani za kanisa zote ni za wamisionari, na kwamba Uafrika uliingia kanisani pamoja na spika kubwa na kinanda cha umeme. Hilo si kweli. Ni kweli kwamba wamisionari wengi, na Wakristo wengi wa kwanza, waliiona ngoma kuwa ya kipagani na kuiacha nje ya mlango. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 walitokea Waafrika walioirudisha ndani kwa elimu na kwa ujasiri.

Uganda ilimtoa Joseph Kyagambiddwa. Mwaka 1955 alichapisha kitabu kuhusu muziki wa Baganda, kisha akatunga kazi kubwa ya kuimbwa kuhusu Mashahidi wa Uganda. Iliimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu. Tanzania ilimtoa Padre Stephen Mbunga wa kusini, aliyetunga misa kwa mtindo wa kwetu na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa mataifa. Mbunga alikuwa amekwishafika mlangoni.

Kongo nayo ilitoa Missa Luba, iliyoanza Kamina, Katanga, mwaka 1958 kwa kwaya iliyoongozwa na Padre Guido Haazen wa Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, muziki ni wa Kongo. Miaka zaidi ya 30 baadaye kwaya ya Kenya, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya, na sauti za Nairobi zikaibeba kazi ya Kamina hadi Ulaya na Marekani. Huo ni utangamano wa kanda uliofanywa na waimbaji, miaka mingi kabla Kongo haijajiunga na Jumuiya mwaka 2022. Hata hivyo tazama cheti chake: jina linalotajwa kila mara ni la Haazen. Waimbaji walioziumba sauti zile papo kwa papo hawatajwi sana.

Mkoa wa Kagera, ambao wasomaji wetu wengi hupita wakienda Uganda na Rwanda, ulitoa watunzi wa Kilutheri. Mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka wenye sauti ya Kihaya. Wilson Niwagila, naye wa Kagera, aliandika Njoo Kwetu, Roho Mwema. Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha chuo cha teolojia cha Makumira, alikusanya na kutafsiri nyimbo za namna hiyo, na zikavuka bahari. Leo wimbo wa Kyamanywa ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na chini yake limechapishwa jina la mtunzi, mwaka na nchi ulikotoka.

Yaani mzee wa kijiji cha Ujerumani akifungua kitabu asubuhi ya Pasaka, anasoma jina la Kyamanywa. Je, kijana wa kwaya ya Mutukula, Kyaka au Masaka anayeuimba wimbo huo kwa kinanda cha umeme, analijua? Tumuulize Jumapili ijayo. Tukiona anababaika, kosa si lake. Ni letu sisi tuliompa wimbo bila karatasi.

Kinachopotea

Hatuna ugomvi na kinanda cha umeme wala na kwaya zinazorekodi video zikiwa na sare mpya. Kila kizazi huimba kwa chombo kilichopo. Tunachokililia ni kitu kingine.

Nyimbo nyingi za zamani ziliandikwa kwa solfa, zile herufi za do, re, mi ambazo walimu wa kwaya walizipanga kwa sauti nne kwenye daftari la shule. Solfa ni maarifa makubwa. Kwa kalamu na karatasi tu, mwalimu wa Ngara aliweza kuituma misa nzima Bujumbura, na wa Bujumbura akaifundisha bila kuwahi kuisikia. Lakini solfa inaandika sauti ya kinywa. Haisemi ngoma iingie wapi, kayamba zinyamaze lini, kiongozi avute pumzi kiasi gani kabla waitikiaji hawajajibu, wala akina mama wapige vigelegele baada ya ubeti upi. Mambo hayo hufundishwa kwa kukaa pamoja. Mwalimu akifa bila kumkalisha mtu, daftari likibaki, linabaki nusu.

Na mara nyingi daftari lenyewe halibaki. Liko kabatini nyuma ya altare, juu yake kuna ndoo ya rangi, chini kuna mchwa. Kaseti za miaka ya 1980 zimeota ukungu, na hakuna mashine ya kuzipiga. Familia inapohama au kugawana vitu baada ya msiba, sanduku la kwaya ndilo la kwanza kuchomwa na takataka, kwa sababu hakuna anayedhani ni mali.

Ni mali. Kwanza, katika maana ambayo kila mfanyabiashara anaielewa. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo wa mwalimu aliyefariki mwaka 1990 bado una wenyewe, nao ni wajane na watoto wake. Ukichukuliwa na kampuni ya matangazo au msanii wa mjini, familia ina haki ya kuulizwa. Lakini itadai kwa ushahidi gani, kama hakuna daftari, hakuna rekodi, hakuna shahidi aliyeandikwa? Ni yale yale ya mahindi.

Waliofanya kabla yetu

Kazi hii si ndoto. Imefanyika karibu na soko ambalo wengi wenu mnalijua.

Mfanyabiashara wa Kongo, Rwanda au Burundi anayefuata dagaa Mwaloni, Mwanza, akipata nusu siku apande gari la kwenda Kisesa, kilomita zipatazo 20. Hapo kuna Bujora. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianza kufanya kazi na wazee wa Kisukuma kukusanya nyimbo, ngoma, hadithi na vyombo vyao, na kuviingiza katika maisha ya parokia. Kanisa lenyewe lina alama za utemi wa Kisukuma. Kando yake pana makumbusho yenye ngoma na vyombo vya kale. Na kila mwaka, panapokaribia sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, hufanyika Bulabo, ambapo makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati. Wimbo hapo haukuwekwa kwenye kabati la kioo. Umewekewa siku yake ya kuchezwa, na watu wanakuja, wananunua chakula, wanalala wageni. Soko na urithi vimekaa benchi moja.

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini una uhusiano nasi. Hadi katikati ya karne ya 19, makanisa ya vijijini Uingereza yalikuwa na vikundi vya wanakijiji walioketi kwenye roshani ya nyuma wakiimba na kupiga fidla, klarineti na zeze kubwa la sauti nzito. Walikuwa mafundi seremala, wafumaji, wakulima. Baadaye mapadre wapenda utaratibu waliwaona kuwa wana kelele, wakawashusha roshanini na kuweka kinanda cha kukanyaga kwa miguu na vitabu vipya vya nyimbo. Kinanda hicho na vitabu hivyo ndivyo wamisionari wengi walivyokuja navyo kwetu, wakatuambia tuache ngoma. Kwa hiyo mwanakijiji wa Uingereza na wa Unyanyembe walinyamazishwa na chombo kimoja.

Wao walifanya nini? Karibu na mji wa Sheffield watu walizihamishia nyimbo zao za Krismasi kwenye vilabu vya pombe, na huko zinaimbwa hadi leo, kuanzia Novemba hadi sikukuu. Kwingineko madaftari ya vikundi vya roshani yalifukuliwa kwenye madari na masanduku ya familia, yakanakiliwa, na tangu mwaka 1990 kuna chama cha watu wa kawaida kinachoufufua muziki huo kanisa hadi kanisa. Hawakungoja serikali. Walianza na sanduku la babu.

Jinsi ya kujaza cheti

Tunapendekeza kila kwaya ya mpakani ijaze cheti cha uasili kwa kila wimbo wa zamani inaouimba. Karatasi moja inatosha. Iandikwe jina la wimbo na majina mengine unayoitwa upande wa pili wa mpaka. Iandikwe lugha ya kwanza ya wimbo, na lugha ulizotafsiriwa. Aandikwe mtunzi, au kama hajulikani, kijiji au kwaya ulikosikika kwanza. Aandikwe aliyeuleta hapa, mwaka unaokumbukwa, na tukio lililoambatana nao: uzinduzi wa kanisa, njaa, vita, mkutano mkubwa. Iandikwe ngoma gani inapigwa na nani anajua kuipiga. Mwisho, jina la mzee aliyetoa habari, na kama ameridhia habari hizo zisomwe na watu wengine.

Kisha arekodiwe. Simu iliyo mfukoni mwako inatosha kwa kuanzia, ilimradi chumba kiwe kimya na simu iwe karibu na mwimbaji. Mzee aimbe peke yake kwanza, polepole, kila sauti kivyake. Halafu aimbe na wenzake. Halafu aongee: alijifunza kwa nani, wapi walikosolewa, kwa nini ubeti wa tatu uliachwa. Mazungumzo hayo mara nyingi yana thamani kuliko wimbo wenyewe. Nakala ziwekwe mahali pawili: moja kanisani au shuleni, ya pili upande mwingine wa mpaka, kwa kwaya rafiki. Nyumba moja ikiungua au simu ikiibiwa, nyingine inabaki.

Hatua ya tatu ndiyo inayohuisha. Rekodi isiyoimbwa ni maiti iliyohifadhiwa vizuri. Kila kwaya ya vijana ipewe wimbo mmoja wa zamani kwa kila robo ya mwaka, na mzee mmoja wa kuufundisha, akilipwa nauli na chakula kama mwalimu yeyote. Waimbe kwa ngoma yake, kisha kama wanataka watengeneze na ya kinanda. Kijana akiijua njia ya asili, hata akiibadilisha anajua anabadilisha nini.

Na hapa ndipo wafanyabiashara mnapoingia. Nyinyi mnavuka kila wiki. Mnaongea lugha mbili, tatu, nne. Mnawajua watu pande zote. Mtafiti wa chuo kikuu atahitaji kibali, bajeti na mkalimani ili ajue kwamba wimbo unaoimbwa Kobero kwa Kirundi unaimbwa Ngara kwa maneno mengine. Mama muuza ndizi anajua tayari, kwa sababu ameusikia pande zote mbili. Mchukueni daftari likanakiliwe. Pelekeni salamu kwa mwalimu mzee wa ng'ambo. Katika vyama vyenu vya kuweka na kukopa, tengeni kiasi kidogo cha kumnunulia mzee ngozi mpya ya ngoma. Siku ya soko la mpakani, wapeni kwaya mbili, ya huku na ya kule, saa moja ya kuimba nyimbo wanazoshirikiana.

Watakaouliza

Tunajua watakaosema: tuna kero za ushuru usioeleweka, foleni, mzigo kuoza, maofisa kubadilisha masharti bila taarifa, nanyi mnatuletea habari za kwaya? Kero hizo tumeziandika na tutaendelea kuziandika. Lakini biashara ya mpakani haiendeshwi na karatasi peke yake. Unamkopesha mtu wa nchi nyingine magunia kumi kwa neno lake, bila mahakama ya kukusaidia, kwa sababu unamjua. Wengi wenu mlijuana wapi kwanza? Katika harusi, katika msiba, katika ibada. Nyimbo hizi ni sehemu ya mtaji huo wa kuaminiana, na mtaji usiotunzwa huisha.

Wapo pia wasomaji wetu Waislamu, na si wachache. Hatuwaalike katika kwaya. Tunasema hivi: yaliyoipata solfa ya parokia yanaweza kuipata kasida ya madrasa na dufu la mzee wa mtaani. Lamu wamelijua hilo zamani, na Maulidi yao huwakutanisha watu wa pwani nzima kila mwaka. Njia ya kukusanya, kurekodi na kufundisha ni ile ile, na kila jumuiya ijaze cheti chake.

Wengine wataogopa kwamba kutafuta asili kutaleta ugomvi: huu ni wetu, si wenu. Hofu hiyo ina msingi. Tumeona mataifa yakigombea vitenge, vyakula hata wanyama. Ndiyo maana cheti chetu kina nafasi ya njia pamoja na chanzo. Wimbo ulioanzia Uganda, ukakomaa Rwanda na kupata ngoma Kagera, uandikwe wote hivyo. Ukweli kamili hauwanyimi wa pili na wa tatu haki yao.

Tunachotaka kifanyike

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: tamasha la JAMAFEST limefanyika Kigali mwaka 2013, kisha Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Ni jambo jema. Tunaomba lisiishie jukwaani. Kila tamasha liache nyuma yake rekodi zilizoandikwa asili, zinazopatikana kwa mwananchi wa nchi yoyote mwanachama. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unazitaka nchi kuwashirikisha wenye urithi wenyewe. Wenye urithi huu wako vijijini mpakani, si hotelini.

Kwa mamlaka za forodha: sheria ya forodha ya Jumuiya inao utaratibu wa kuingiza vitu kwa muda na kuvirudisha. Utumike kwa wepesi kwa ngoma, marimba na matarumbeta ya kwaya inayokwenda kuimba na kurudi. Kwaya isikwame getini siku nzima ikieleza kwamba ngoma zake haziuzwi. Maelekezo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha pamoja, ili kila mtu ajue aombe nini na kwa nani.

Kwa viongozi wa dini: fungueni makabati. Wiki hii, kabla ya mvua. Mtu mmoja wa kila parokia na usharika aorodheshe madaftari, kaseti na picha zilizopo, na asiachiwe mtu yeyote kuzichoma bila kuuliza.

Na kwako wewe mfanyabiashara unayesoma ukisubiri zamu yako dirishani: unapofika nyumbani, muulize mama yako au babu yako wimbo mmoja aliokuwa akiimba alipokuwa kijana, na nani alimfundisha. Ukipata jina, liandike nyuma ya cheti chako cha mahindi kama huna karatasi nyingine. Sontonga hakupata mtu wa kumtunzia daftari. Wa kwetu bado wanaweza kumpata.